Gavani Haipendi Kudekezwa

Kijiji chetu cha Darkabud kina chemchemi moja. Juu ya chemchemi upo mteremko, na juu ya mteremko ni miamba na theluji tu. Mteremko ukiharibika hatuna pengine pa kuteka maji. Jambo hili hata mtoto wa miaka mitano analijua. Sisi wakubwa ndio tuliolisahau.

Zamani mteremko ule ulijaa gavani. Gavani ni kichaka kifupi cha miiba, cha ukoo mmoja na kunde, ingawa ukikikalia hutakumbuka kunde. Kimejikunja chini kama kondoo aliyelala, na mzizi wake huzama kwenda chini kuliko visima vya watu wengine. Mzizi ukichanjwa kwa kisu wakati wa kiangazi hutoa katira, utomvu mweupe unaotoka kama utepe, na katira ndiyo iliyolisha nyumba nyingi huku kwetu. Desturi ya wazee ni kuchanja mwaka mmoja na kuuacha mmea ulale miaka miwili. Lakini ipo njia ya mkato: unachanja, kisha unakitia moto kichwa cha kichaka. Gavani iliyochomwa hutoa kwa wiki moja utomvu wa kiangazi kizima. Halafu inakufa.

Golabatun alizijua njia zote mbili. Kwa miaka ishirini na sita yeye na mumewe Shirmard walichanja katira kwa njia ya wazee, wakajivunia. Kisha ukaja mwaka wa ukame, na Shirmard akaanza kukohoa damu. Siku moja ya kiangazi, wanaume wote wakiwa bondeni wanavuna, Golabatun alipanda mteremko peke yake na kibiriti. Moto ulikimbia kuliko alivyokusudia. Kijiji kikasema ni wachungaji wapitao, naye akaacha waseme. Shirmard alikufa kabla ya theluji, na katira yote ile haikumwongezea hata mwezi.

Majira ya pili ya machipuo baada ya hapo ilipiga mvua ya nusu saa, si zaidi, na mteremko ukashuka. Tope lilifunika chemchemi kimo cha mtu. Wanaume walichimba siku nne, na wanawake wakafuata maji mtoni kwa punda, mwendo wa saa nzima. Golabatun alikuwa miongoni mwao, na kila alipopita chini ya mteremko ule mweusi hakuinua macho.

Mkutano ulifanyika nyumbani kwa Khodakaram, mdogo wake marehemu Shirmard, mwenye trekta la pekee kijijini na sauti inayolingana nalo.

"Tuulime," alisema. "Tupande ngano ya mvua. Ardhi iliyolimwa hunywa maji."

"Ardhi ya mteremkoni ikilimwa hushuka yote kwa mpigo," alisema Golabatun kutoka mlangoni, alikokuwa akimimina chai.

"Shemeji, una la kusema, au unagombana na birika?"

"Nina la kusema. Niachieni mteremko. Nitapanda gavani."

Watu wakacheka, hata waliokuwa na adabu.

"Nani kapanda gavani tangu dunia iumbwe?" Khodakaram alisema. "Gavani haipandwi. Huota yenyewe, kama ndevu."

"Zako zimegoma kuota miaka hamsini," alisema Mahtalat, jirani yake Golabatun, "na hakuna aliyekuja kukulima kidevu."

Baada ya kelele kutulia, Khodakaram alitoa masharti yake, na wazee wakayashuhudia. Theluji nne. Ya nne ikishayeyuka, angetembea kukata mteremko, kutoka kwenye jiwe jeupe hadi kwenye mlozi mwitu. Kila baada ya hatua kumi angesimama, na pale aliposimama lazima aione gavani iliyo hai karibu na mguu wake. Akiikosa hata mara moja, trekta lingepanda siku hiyo hiyo. Golabatun alisema amekubali, akaendelea kumimina chai. Hakueleza kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na minane ajitwike mlima, nasi tukadhani ni ukaidi wa wajane.

Mbegu alizitafuta mahali mbuzi wasipofika, kwenye kingo za miamba. Mwisho wa kiangazi, maganda yalipokauka na kupata rangi ya majani ya chai, alitandaza kitambaa, akavipiga vichaka kwa fimbo, akapepeta kwenye ungo. Alirudi na mabakuli manne ya mbegu ndogo za kahawia na mikono iliyochanika hadi viwikoni. Theluji ya kwanza ikaja ikaenda. Baada ya Noruzi, mwaka mpya wetu, wakati kila mtu anapopanda, naye akapanda. Mwezi mzima hakuna kilichotoka. Kisha ikatoka mimea ishirini na mitatu, mteremko mzima.

Hapo akakosea kosa letu. Kwetu mgeni hafiki mlangoni asipewe kitu cha kunywa, hata awe adui. Golabatun aliipokea mimea ile kama wageni. Kila asubuhi alipanda na punda na madumu mawili ya maji, akainywesha mmoja mmoja kwa kikombe, akiwa amepiga magoti. Kabla matunda ya mijozi hayajakomaa yote ilikuwa ya njano, imeoza shingoni.

"Umeiua kwa ukarimu, dada," alisema Mahtalat. "Ungeitilia na sukari basi."

"Nicheke?"

"Cheka au lia, lakini kesho tuna mkate wa kuoka."

Theluji ya pili ilipokaribia, mbegu zilizobaki zilikuwa nusu bakuli, juu ya rafu karibu na mawe ya kusagia aliyoachiwa na mama mkwe wake. Siku moja akiwa anasaga ngano ya supu, kiwiko chake kiligonga bakuli, na mbegu zikamwagikia shimoni mwa jiwe la juu. Alizungusha mara mbili kabla hajatambua. Alitukana, akafagia mchanganyiko ule wote nje ya mlango, na hata kuku waliususia. Jioni theluji ikaanza. Huku kwetu kila nyumba hupakua theluji ya paa lake kwa koleo na kuimwaga uchochoroni, kwa hiyo lundo la mlangoni kwa Golabatun lilikaa hadi baada ya Noruzi.

Lilipoyeyuka, chini ya ukuta, kwenye kokoto, ilikuwapo mimea saba. Vijani vyake vilikuwa vimepangwa viwili viwili kama meno ya kitana. Hakuna aliyeipa maji. Hakuna hata aliyeiombea dua.

Golabatun alikaa kizingitini hadi chai yake ikapoa. Kisha akaenda kuokota zile mbegu chache zilizonasa kwenye mwanya wa rafu, ambazo jiwe halikuzigusa, akazitia kwenye glasi ya maji. Siku tatu hazikuvimba. Aliuma moja, jino likalia. Akachokonoa mifereji ya jiwe, akapata mbegu nne zilizokwaruzwa, akazitia kwenye glasi nyingine. Asubuhi zilikuwa zimenenepa. Basi akaelewa kwamba mbegu hii huzaliwa imejifungia ndani, mtu aikwaruze kwanza, na baada ya kukwaruzwa inataka kulala baridi.

Alifurahi mno, na furaha ilimharakisha. Alichukua mwiko wa chuma, akaenda kuing'oa ile mimea saba aipeleke mlimani. Wa kwanza, ambao ungeweza kuufunika kwa ukucha, ulikuwa na mzizi mrefu kuliko mkono wake hadi kiwiko, na mwiko ukaukata katikati. Wa pili vivyo hivyo, hadi wa sita. Alichimba ule wa saba kwa kijiko na vidole, robo siku nzima, akaufikisha mteremkoni mzima mzima, na bado ulikufa. Siku hiyo Golabatun alilia njiani, mchana kweupe, watu wakipita. Theluji mbili zilikuwa zimekwenda na hakuwa na hata jani moja la kumwonyesha Khodakaram.

Kiangazi hicho alirudi miambani, na safari hii alileta mabakuli saba. Alipachika vipande vya ngozi kati ya mawe mawili ya kusagia ili yasibanane, akatia mbegu pamoja na mchanga wa mtoni, akazungusha polepole. Kila mara alichukua chache akazijaribu kwenye glasi. Zilizopasuka alizitupa, zisizovimba alizirudisha jiweni. Aliifanya kazi hiyo siku kumi na moja. Alisubiri hadi mawingu yalipokaa juu ya miamba na magoti yake yakaanza kumuuma, maana magoti ya Golabatun hayajawahi kukosea theluji, ndipo akapanda.

Hakutafuta udongo mzuri. Alitafuta changarawe, kokoto, upande wa juu wa mawe, mahali ambapo maji hayatuami. Mbegu tatu kwa shimo, kina cha ukucha. Juu ya kila shimo aliweka kiunzi cha gavani iliyokufa na kukigandamiza kwa jiwe, ili miiba izuie mbuzi na matawi yanase theluji. Viunzi havikuwa haba. Mlima mzima ulikuwa umejaa vile alivyovichoma mwenyewe. Kwa siku tisa alishuka jioni na mikono myeusi kwa masizi, na Mahtalat alipomletea maji ya kunawa alisema, "Acha kwanza."

Theluji ya tatu ilikuwa nzito. Ilipoondoka, chini ya viunzi vile vyeusi mlikuwa na kijani. Sasa ndipo shida ilipoanza kweli, maana kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Kila machipuo jamaa zetu wa mahema hupanda kutoka nchi ya joto na mifugo yao, na njia yao tangu enzi za mababu inakata mteremko ule. Mwaka huo aliyetangulia alikuwa Jahanbakhsh, kaka yake Golabatun wa tumbo moja, na mbuzi mia nne wenye njaa. Alimkuta dada yake amekaa katikati ya njia, anasokota sufu.

"Dada, ondoka. Wanyama wamechoka."

"Pita njia ya chini."

"Njia ya chini ni siku nzima zaidi. Kwa ajili ya miiba?"

"Kwa ajili ya miiba."

"Umeona mbuzi wangu? Mimi siwezi kuwazuia. Hawajui kusoma."

Golabatun aliinuka, akavua mtandio wake mrefu wa juu, akabaki na kilemba cha ndani, akautandaza njiani, ukingo huku na ukingo kule, akaweka jiwe kila pembe. Kwetu mwanamume anaweza kuruka bunduki iliyolala chini, ila mtandio wa mwanamke uliowekwa ardhini hauvukwi. Vita vya ukoo vimewahi kusimama hivyo. Jahanbakhsh aliutazama mtandio, akamtazama dada yake mwenye mvi, akatukana kwa muda mrefu bila kumtaja mtu, kisha akageuza mbuzi. Mahema mengine yote yaliyofuata yaliuona mtandio uleule, na Golabatun pembeni yake na pia yake ya kusokotea sufu, siku kumi na mbili.

Baada ya hapo ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa kutofanya kitu. Kiangazi kilichoma. Mimea iliacha kukua, ikawa ya kijivu, ikajikunja. Golabatun aliyachukua madumu yake yote mawili akampa Mahtalat ayafungie.

"Hata nikikuomba, usinipe."

"Hata ukilia?"

"Nikilia ndiyo kabisa."

Aliomba mara mbili. Mahtalat, ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu maishani mwake, alimnyima mara zote mbili, akaingia ndani kulia yeye. Watu waliopita walisema, "Imekufa ile." Golabatun alisema, "Imelala." Mwishoni mwa kiangazi alikwaruza shina moja kwa ukucha, akaona ndani pana kijani chembamba kama uzi. Hakumwambia mtu. Mahali pamoja tu hapakuwa na cha kukwaruza: kwenye korongo la katikati, pale tope lilipoanzia. Alipapanda upya kabla ya theluji ya nne.

Siku ya kupimwa, kijiji kizima kilipanda. Khodakaram alikuwa amevaa viatu vikubwa kuliko kawaida yake, na Mahtalat akauliza kwa sauti kama trekta amelivaa miguuni. Alianza kwenye jiwe jeupe, akipiga hatua ndefu. Kumi, akasimama. Gavani ilikuwapo, duara ya miiba isiyozidi kiganja. Kumi tena, ikawapo. Mara ya sita aliinama kidogo.

"Hii ni gavani au ni takataka?"

"Iguse," alisema Golabatun.

Aliigusa, akavuta kidole haraka, akaendelea. Mara ya saba, ya nane, ya tisa, ya kumi. Watu walikuwa wameanza kuhesabu pamoja naye. Mara ya kumi na moja alisimama katikati ya korongo. Mbele yake, nyuma yake na kando yake palikuwa na udongo mtupu, na bado ulikuwa mweusi.

Khodakaram aliangalia chini muda mrefu, kama mtu aliyetamani jicho lake likosee.

"Hapa hakuna, shemeji."

"Hakuna."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Nimepapanda mara mbili, hapaoti." Golabatun alikuwa amesimama wima, na sauti yake ilisikika mpaka kwa wazee walioachwa nyuma. "Hapaoti kwa sababu hapa ndipo nilipowasha kibiriti. Si wachungaji. Ni mimi. Nilichoma ili nipate katira ya dawa ya Shirmard, moto ukanishinda, nikashuka nikanyamaza. Tope lile mlilolichimba siku nne ni langu. Sasa mmejua. Kalete trekta lako."

Ningependa kusema kwamba tulimhurumia papo hapo. Hapana. Wapo walioguna, na yupo mzee mmoja aliyetema mate. Mahtalat alimshika mkono akamng'ang'ania.

Khodakaram hakwenda kuleta trekta. Cha mvunguni sharti uiname, na bwana yule, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, aliinama. Alichuchumaa ukingoni mwa korongo, palipokuwa na mmea mmoja mdogo, akaukamata.

"Kitu kama hiki kitashika mlima?" alisema, na haikujulikana anamuuliza nani. Akavuta. Mmea haukuja. Akaushika kwa mikono miwili, akakaza miguu, akavuta tena hadi shingo ikamvimba. Vijani vilibaki viganjani mwake pamoja na miiba, damu ikamtoka, na mmea ukabaki palepale ulipokuwa. Alikaa chini kwenye udongo mweusi.

"Nilijua," alisema, akitazama viganja vyake.

"Ulijua nini?"

"Siku ile nilikuwa nafunga miganda. Niliuona moshi, nikakuona wewe unashuka. Nikasema, kaka yangu anakohoa damu, wacha. Nikanyamaza kama wewe." Alianza kuchomoa miiba, mmoja mmoja. "Unadhani nilitaka ngano? Nilitaka kuupindua mlima huu nisiuone tena."

Golabatun alikaa karibu naye, akamshika mkono, akamsaidia kuchomoa. Wazee walisubiri, wakachoka kusubiri, na mmoja akauliza mwisho wake inakuwaje, maana sharti ni sharti.

"Sharti ni langu na trekta ni langu," Khodakaram alisema. "Kituo cha kumi na moja nimekichukua mimi, nitapapanda mwenyewe. Shemeji atanipa mbegu."

Mwezi uliofuata ilipiga mvua kubwa kuliko ile ya tope. Chemchemi ilichafuka asubuhi, na tulikwenda kuitazama na makoleo mikononi. Kufikia mchana maji yalikuwa meupe, tukarudi nyumbani na makoleo makavu. Gavani zile bado hazijachanjwa hata moja. Watu wakimuuliza Golabatun ni lini, huwajibu kwamba kisu kipo, lakini kimelala.

Khodakaram alikwaruza mbegu zake mwenyewe, akaharibu bakuli zima kwa kukaza jiwe, akajifunza. Siku mawingu yalipokaa kwenye miamba alipanda korongoni tangu asubuhi, akibeba viunzi vya miiba mgongoni. Golabatun alikuwa juu zaidi, anakagua ya kwake. Alipotazama chini alimwona shemeji yake amepiga magoti kwenye udongo mweusi, anachungulia huku na huku kama mwizi, kisha anatoa kitu chini ya koti. Lilikuwa birika la nyumbani, limejaa maji.

"Shemeji," aliita, "liweke chini birika hilo."

"Kidogo tu. Ya kuikaribisha."

"Hiyo si mgeni. Hapa ni kwake."

Khodakaram alilitazama birika, akalitazama shimo. Kisha akainua kichwa, akayanywa maji yote yeye mwenyewe, akaendelea kupanda.